Walii Asiye na Mapigo

Ndoa ya Hayrat binti Saindou haikufungishwa na maiti. Hilo lieleweke kwanza, kwa sababu huko Mahajanga, Madagaska, kuanzia mtaa wa Mahabibo hadi kule ukingo wa bahari wanakochoma mishikaki, kuna watu wazima wenye akili zao wanaosema kwamba siku ile bwana harusi alishikana mkono na mfu, kwamba mfu huyo aliendeshwa kwa nyaya na mdogo wake, na kwamba maneno ya ndoa yalitamkwa na mwanamke aliyefichwa nyuma ya pazia. Hakuna hata moja katika hayo lililo kweli. Nyaya zilikuwapo, mdogo wake alikuwapo, na mwanamke alikuwapo nyuma ya pazia, lakini mambo hayakuwa hivyo. Hayrat ana watoto wawili sasa, nao wanakwenda shule, na shuleni watoto husema wanayoyasikia nyumbani. Ndiyo maana habari hii inaandikwa.

Saindou Soudjay alizaliwa Mahajanga mwaka 1952, mtoto wa mchukuzi wa bandarini aliyetoka Ngazidja akiwa kijana. Nyumbani walisema Kikomoro kilichochanganyika na Kimalagasi, sala walisali kwa Kiarabu, na karatasi zote zilikuwa za Kifaransa. Karatasi ndizo zilizokuwa na neno la mwisho. Mwanzoni mwa 1977, baada ya yale waliyotendewa Wakomoro mjini, ambayo watu wa rika lao hawapendi kuyataja, aliyekuwa na karatasi ya aina fulani alipandishwa ndege kwenda Komoro, na asiyekuwa nayo alijitafutia njia. Boinali, mdogo wake Saindou, alikuwa nayo. Aliondoka, akarudi miaka sita baadaye, akafungua duka la vitambaa. Saindou hakuwa nayo. Alibeba mfuko wa spana, akaenda kaskazini hadi Antsahampano, akavuka kwenda kisiwa cha Nosy Be. Tangu hapo ndugu hawa wawili walifundishwa jambo moja: mtu anaweza kusema uongo, karatasi yenye muhuri haisemi.

Nosy Be aliajiriwa katika kiwanda cha sukari, kwenye pampu. Humo mlikuwa na injini ya mvuke ya zamani, na juu yake vyuma viwili vya mviringo kama mapapai, vinavyozunguka vikining'inia. Injini ikikimbia kupita kiasi, vyuma viliinuka na kuuminya mvuke. Ikilegea, vilishuka na kuufungulia. Wengine walipita hapo wakiona chuma tu. Saindou alikaa mbele yake wakati wa chakula, sahani magotini, akitazama.

"Mashine hii ina adabu," alimwambia Kouraichia, mwalimu wa hesabu aliyekuwa akimchumbia wakati huo. "Haingojei kupigiwa kelele. Mzigo ukizidi, inajiongeza. Ukipungua, inajipunguza. Binadamu wangapi wako hivyo?"

Kouraichia, ambaye baba yake alikuwa karani na kuwaachia wanawe uraia wa Kifaransa, alikuwa amechumbiwa na watu wenye maneno matamu zaidi. Alimkubali huyu. Wakaoana mwaka 1979, na baada ya miaka minane wakampata Hayrat, mtoto wao wa pekee.

Kiwanda kilipofungwa, Saindou alitengeneza pampu za visima vya watu. Kisha miguu ikaanza kuvimba. Ngazi kumi na nne za nyumba yao ya Hell-Ville, mji mkuu wa kisiwa, zikawa mlima. Alilala ameketi, kwa sababu akijinyoosha maji yalimpanda mapafuni. Daktari alisema moyo umechoka, hausukumi tena. Saindou hakushangaa. Alikuwa amezika pampu nyingi. Kwa uraia wa mkewe wakafika hospitali moja ya Ufaransa, na huko, mwaka 2012, wakamtilia moyoni pampu ndogo isiyozidi yai la bata. Waya mmoja ulitoka tumboni hadi kwenye kisanduku cha kiunoni, na kisanduku kilikula betri mbili.

Pampu ile ilikuwa ya majaribio, na daktari alimweleza tofauti yake. Za kawaida huwekewa mwendo mmoja na daktari, nazo hukimbia mwendo huohuo mgonjwa akiwa amelala au akipanda ngazi. Ikienda taratibu mno, mapafu yanajaa maji. Ikienda kasi mno, chumba cha moyo kinakauka na ukuta wake unafyonzwa hadi kwenye mdomo wa pampu.

"Kama kisima," alisema Saindou. "Ukivuta kuliko maji yanavyoingia, unanyonya hewa na matope."

"Hasa," alisema daktari. "Hii yako inapima yenyewe chumba kimejaa kiasi gani, na inajirekebisha. Hakuna anayeiamrisha."

"Na vile vyuma viwili viko wapi?"

Daktari hakuelewa. Saindou akaomba kalamu, akamchorea mapapai yake yanayozunguka, na wanafunzi wa udaktari wakaja kutazama. Daktari alisema huyu ndiye mgonjwa wa kwanza kumweleza yeye mashine, badala ya kuelezwa. Kouraichia alikuwapo, na alisikia.

Jambo moja lilibaki. Moyo hupiga: unasukuma, unapumzika, unasukuma. Pampu ile haikupiga. Ilizunguka mfululizo, na damu ikapita mwilini kama maji ya bomba. Ukimshika Saindou kifundo cha mkono, hukusikia kitu. Ukimwekea sikio kifuani, ulisikia mvumo mwembamba, kama friji ya jirani.

Nosy Be walimzoea upesi. Kouraichia alikata kitambaa cha meza kilichotariziwa na wanawake wa kisiwa jirani cha Nosy Komba, akakishonea mifuko miwili ya betri, kwa sababu mume wake hakuwa mtu wa kutembea na mikoba ya hospitali. Umeme wa mji ulipokatika, hoteli moja yenye jenereta ilimchajia betri. Kwenye kisanduku palikuwa na tarakimu za mizunguko kwa dakika, na majirani, badala ya kuuliza "Umeamkaje?", wakawa wanauliza "Leo ngapi?"

"Elfu mbili na mia sita."

"Alhamdulillahi. Jana ulikuwa mia saba. Umegombana?"

"Nilibeba ndoo ya maji."

"Ah, sawa. Tulidhani ni mama Hayrat."

Mwaka 2013 Hayrat akaposwa na Fazul, kijana wa Mahajanga, na ndoa ikapangwa kufungwa huko, nyumbani kwa Boinali, palipo na ukoo. Kwa Saindou hili lilipita harusi ya kawaida. Alikuwa ameondoka mji ule na mfuko wa spana. Alitaka kurudi kupitia mlango mkubwa, amkalie mkwewe mbele ya watu wote, na kumwoza bintiye kwa mdomo wake mwenyewe. Kila alipoulizwa kwa nini alikubali kupasuliwa kifua katika umri ule, alijibu hivyo hivyo: "Nina binti mmoja wa kuoza."

Kouraichia, mwenye kupanga mambo, alimpeleka zahanati apimwe kabla ya safari. Muuguzi alikuwa msichana mwaminifu. Alifunga mkanda wa kupimia damu mara tatu, mashine ikamwandikia kosa mara tatu. Akamshika mkono wa kulia, akamshika wa kushoto, akamtazama usoni kwa huruma.

"Mzee, umekuwa hivi tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

Msichana akaandika alichokiona: mapigo, hakuna; shinikizo la damu, halipatikani. Akagonga muhuri, na kwa haraka ya foleni hakuandika neno lolote juu ya pampu. Kouraichia aliipiga karatasi picha kwa simu, akaituma kwa Boinali ili amwonyeshe daktari wa huko, ajiandae. Maelezo alikusudia kuyatoa kwa mdomo. Lakini walikuwa tayari wakipanda boti ya kwenda Ankify, upande wa bara, na njia ya barabara kutoka huko hadi Mahajanga ilikuwa ya siku mbili, sehemu kubwa bila mtandao.

Boinali, aliyejua kaka yake ametiwa pampu lakini hakujua kwamba haipigi, aliisoma. Jina la kaka yake, mapigo hakuna, muhuri. Mtu wa familia nyingine angepiga simu kuuliza. Boinali alikuwa mtu aliyepandishwa ndege kwa karatasi, na hakubishana na karatasi. Isitoshe, nyumba yenye msiba haipigiwi simu; unangoja wakupigie. Hakupigiwa. Akachinja mbuzi wawili, akaita watu arobaini, wakamsalia kaka yake sala ya ghaibu, ile ya maiti aliye mbali, wakamsomea hitima, wakala pilau. Watu walisema haijapata kusomwa hitima nzuri vile tangu ya baba yao.

Kesho yake asubuhi Saindou alibisha hodi.

Boinali alifungua mlango. Alisimama akitweta, kanzu ya msiba mwilini.

"Kaka."

"Naam, Boinali. Mbona uso umekukauka?"

"Kaka, tumekusalia."

"Mmenisalia nini?"

"Ya ghaibu."

Saindou aliweka mkoba chini. "Na pilau?"

"Mbuzi wawili."

"Ilikuwa nzuri?"

"Kila mtu alisifu," alisema Boinali, na machozi yakamtoka.

Hapo Boinali angeweza kucheka, na mambo yangekwisha. Lakini watu arobaini walikuwa wameshakula, na wakati wa alasiri walikuwa wameshajua. Wachuuzi walimwita Boinali "mzishi wa walio hai". Mteja mmoja alimwuliza kama anauza sanda za kujaribia. Boinali alikuwa mtu wa heshima, na heshima ikibanwa hutafuta mlango wowote. Jioni alitamka mbele ya ukoo kwamba hakukosea hata kidogo. Kaka yake hana mapigo. Karatasi inasema, na mkono unasema. Hitima ilikuwa sahihi. Na kwa kuwa baba wa bibi harusi ni marehemu, walii wa Hayrat ni ami yake, yaani yeye.

"Lakini ameketi hapa anakunywa chai!" alisema Kouraichia.

"Shemeji, sikatai kwamba anakunywa chai."

Shangazi Sittou, aliyekuwa na miaka themanini na minane na kukosha maiti nusu karne, aliitwa kama mjuzi. Alimshika Saindou mkono, akamshika shingo, akamgeuza kope.

"Huyu amekufa," alisema. "Lakini ana njaa. Mpeni kitu."

Basi shauri likapelekwa kwa Maalim Bourhane, ambaye ndiye angefungisha ndoa. Saindou hakulala vizuri. Kufa hakukumtisha, alikuwa amekwisha kukikaribia kifo akakiona. Kilichomtisha ni kuketi kwenye harusi ya bintiye kama mgeni, akitazama mkono wa mtu mwingine ukimwoza. Kisanduku kilionyesha mizunguko mingi kuliko kawaida ya usiku, na Kouraichia akakifunika kwa leso ili asikitazame.

Asubuhi ua wa Maalim ulijaa. Maalim alikuwa mtu wa kitabu, mpole, anayependa kulifikia jambo kwa kulizunguka.

"Walii," alisema, "awe mwanamume, Mwislamu, mwenye akili, hai, na awe na hiari yake. Tuanze na uhai. Saindou, umesali alfajiri?"

"Nimesali, Maalim."

"Maiti husaliwa, haisali. Uhai umepita."

"Maalim, tuje kwenye hiari," alisema Boinali. "Damu ya kaka yangu inaendeshwa na mtambo. Mtambo umetengenezwa Ulaya. Akisema 'nimekuoza', tutajuaje kama amesema yeye au wamesema wao?"

Mnong'ono ulipita uani. Hoja ilikuwa na uzito wake.

Saindou akasimama. "Niruhusu niuzunguke ua, Maalim. Wewe soma tarakimu hizi kwa sauti."

Akaketi kwanza. Maalim alivaa miwani. "Elfu mbili na mia tano na themanini." Saindou akauzunguka ua mara tatu, haraka haraka, kanzu mkononi, wazee wakikunja miguu kumpisha. "Mia saba. Mia nane na kumi. Subhanallah, mia tisa!" Akaketi tena, akavuta pumzi, na watu sabini wakatulia kama wanaosubiri mwezi kuandama. "Mia nane. Mia saba. Inashuka. Mia sita."

"Nani ameiamrisha?" aliuliza Saindou. "Ulaya wanajua kwamba nimeuzunguka ua wako? Mimi ndimi mzigo. Mzigo ukizidi, inajiongeza, ukipungua, inajipunguza. Inanifuata mimi. Sijapata kuifuata hata hatua moja."

"Punda na mpandaji," alisema Maalim.

"Punda huambiwa 'simama' akasimama!" alisema Boinali. "Mwambie kaka auamrishe kwa mdomo. Auambie usimame kidogo tu, tuone kama una bwana."

"Na wako wewe?" aliuliza Saindou.

"Wangu vipi?"

"Moyo wako. Uambie usimame kidogo."

Maalim Bourhane alivua miwani, akaifuta. "Hoja ya haki," alisema. "Boinali, jaribu."

Boinali akafumba macho. Akashika kifundo cha mkono wake, midomo ikitikisika. Mzee aliyekuwa karibu naye akajishika pia, kwa udadisi, kisha wa pembeni yake, na muda si mrefu ua mzima ulikuwa wa wanaume walioketi wamefumba macho, kila mmoja ameshika mkono wake, akiuamuru moyo. Kinyozi mmoja alisema wake umesita. Akaambiwa anyamaze, asiwavuruge wengine. Shangazi Sittou, akitazama kutoka mlangoni, alisema kwamba kama watafaulu wote kwa pamoja yeye hana maji ya kutosha.

"Boinali?" aliita Maalim.

"Unakataa," alisema Boinali kwa sauti ndogo. "Hata umeongeza."

"Wangu pia," alisema Maalim. "Basi hapa hakuna mwenye amri juu ya moyo wake, na kama hilo linamvua mtu uwalii, mji huu hauna walii, na sisi sote tumezaliwa nje ya ndoa. Saindou ni baba na yuko hai. Ataoza yeye. Na hitima ya Boinali haina kosa: dua haimdhuru aliye hai."

Ndoa ilikuwa kesho yake baada ya alasiri. Sasa fuateni kwa makini, kwa sababu hapa ndipo uongo ulipozaliwa.

Usiku umeme ulikatika, na betri zikachajika nusu. Kouraichia alipiga hesabu, akaona zinatosha kwa khutba ya kawaida, na akampa Boinali betri mbili za akiba na kumfundisha kuzibadilisha endapo lolote litatokea, kwa kuwa wanawake wangekuwa chumba cha pili, nyuma ya pazia. Boinali alikubali kwa unyenyekevu. Kanuni ni moja: betri moja kwanza, ikishika ndipo ya pili. Ukizitoa zote mbili kwa pamoja, pampu inasimama.

Lakini Maalim Bourhane hakutoa khutba ya kawaida. Yale ya uani yalikuwa yamemgusa. Alizungumzia moyo: moyo wa muumini, wa mnafiki, wa ngamia, moyo uliofunikwa na uliofunuliwa. Aliendelea kwa muda wa saa moja na robo. Ndipo akaagiza mikono ishikane.

Saindou alimshika Fazul mkono wa kulia. Kwa desturi ya watu wale, mikono ikishashikana haiachani hadi maneno yaishe. Ikiachana ni nuksi ya maisha kwa maharusi. Saindou akafungua kinywa, na kisanduku kikalia: pii, pii, pii, taa ya njano.

Fazul alishtuka, akataka kuvuta mkono. Saindou akaukaza. Alimtazama Boinali, basi. Na Boinali Soudjay, aliyekuwa amemzika kaka yake wiki ile, alitambaa kwa magoti mbele ya watu wote, akaingiza mikono kwenye mfuko wa kitambaa cha Nosy Komba, akashika nyaya zote mbili za betri.

"Moja kwanza!" ilisikika sauti nyuma ya pazia. "Boinali! Moja kwanza!"

Sauti hiyo ilikuwa ya Kouraichia. Alisema maneno hayo na jina la shemeji yake. Hayo si maneno ya ndoa katika dini yoyote. Boinali akaachia waya mmoja. Akatoa betri ya kwanza, akatia nyingine, ikashika: tak. Wakati huohuo, juu ya kichwa cha mdogo wake aliyeinama, Saindou alimwambia Fazul, taratibu, bila kuruka neno: "Nimekuoza binti yangu, Hayrat, kwa mahari mliyokubaliana." Fazul akasema, "Nimekubali kumwoa." Tak, ikashika ya pili. Mlio ukakoma. Mashahidi wawili walikuwa kwa umbali wa mkono mmoja, na wote wawili wako hai hadi leo, wana mapigo, na wanaweza kuulizwa.

Waliokaa nyuma waliona nini? Mtu ameketi wima anasema, mwingine kapiga magoti anahangaika na nyaya zake, na sauti ya mwanamke. Wakarudi nyumbani na walichokiona, wakakiongezea chumvi kwa kadiri ya njaa yao. Aliyekaa mbele hakuona mfu. Aliona baba akimwoza bintiye, na machozi yakimshuka hadi kwenye ndevu, maana macho hayakuwa na pampu.

Baada ya chakula Saindou alimshika Boinali bega, wakaingia chumba cha ndani, wakafunga mlango. Walikaa humo mpaka chai ya wageni ikapoa. Walipotoka, Boinali alikuwa amebeba mifuko ya betri begani mwake, na tangu siku ile hadi Saindou alipofariki, miaka mitano baadaye, kitandani mwake Hell-Ville, kwa maradhi mengine kabisa, haikupita siku Boinali asimpigie simu kumwuliza, "Kaka, leo ngapi?"

Waliyosemezana ndugu wale wawili mle chumbani, Mahajanga nzima imeyatafuta, na kuna wanaojidai kuyajua. Hawayajui. Kouraichia anayajua, kwa kuwa mumewe alimwambia. Hayasemi. Wala asiulizwe tena.